Jinsi ya kujadili biashara ya wachezaji timu ya besiboli inapozama

Mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162. Tangu 1901 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyofungwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Waliokuwa wakishikilia rekodi hiyo ni New York Mets wa 1962, waliofungwa 120. Timu ikifika hapo, kila shabiki huwa na orodha yake ya watu wa kuuzwa, na mabishano hayafiki popote kwa sababu yanaanza na majina: huyu mzuri, yule hafai. Yaanze na mwaka.

Chukua karatasi uandike: timu hii inaweza kurudi kushindania ubingwa mwaka gani? Kwa White Sox wa mwishoni mwa 2024, mtu asiyejidanganya asingeandika mwaka wowote kabla ya 2027. Ukishaandika, mpime kila mchezaji kwa mwaka huo. Je, bado atakuwa mali ya timu? Atakuwa na umri gani? Atalipwa kiasi gani? Mchezaji mzuri ambaye muda wake unaisha kabla ya mwaka ulioandika ana faida kubwa zaidi kwa timu inayoshinda leo kuliko kwako. Pengo hilo ndilo linalouzwa.

Msomaji aliyezoea usajili wa soka aweke pembeni ada ya uhamisho. Katika besiboli mchezaji wa maana hulipiwa kwa wachezaji wengine, hasa chipukizi wa ligi za chini. Mkataba wake unahama naye kama ulivyo, na mara nyingi yeye mwenyewe haulizwi. Pesa ikihusika, kwa kawaida ni timu inayouza kukubali kubeba sehemu ya mshahara ili ipewe chipukizi bora zaidi.

Hesabu siku zake kabla ya takwimu zake

Mchezaji huwa huru baada ya kukusanya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172, na msimu una siku 187 hivi, kwa hiyo timu ikimchelewesha chipukizi wiki tatu mwanzoni mwa msimu inaweza kupata mwaka wa saba wa kuwa naye. Miaka mitatu ya kwanza kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata ni ya usuluhishi wa mishahara: malipo yanapanda kila mwaka lakini bado yako chini ya bei ya soko. Wachache wenye utumishi mkubwa kabla ya kutimiza miaka mitatu huingia kwenye usuluhishi mapema na kupata awamu nne badala ya tatu. Usiisahau hiyo, kwa sababu inabadilisha hesabu kwa mamilioni.

Siku za majeruhi kwenye orodha ya ligi kuu zinahesabiwa. Garrett Crochet, mrushaji wa mkono wa kushoto wa White Sox, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2022 na hakurusha mpira hata mmoja msimu ule, lakini saa yake iliendelea kwenda. Mwisho wa 2024 alikuwa na miaka minne na siku chache. Maana yake timu ilibaki naye misimu miwili tu, 2025 na 2026. Rudi kwenye karatasi: 2027 hayupo. Hapo mjadala kuhusu Crochet ulikwisha kabla mtu hajaitaja kasi ya mpira wake.

Mikataba yenye mwaka wa hiari inahesabiwa kwa namna yake. Luis Robert Jr., mchezaji wa nje wa White Sox, alikuwa na mkataba unaoipa timu hiari ya dola milioni 20 kwa 2026, na nyingine kama hiyo kwa 2027, na kumwachia kunagharimu milioni 2. Watu wengi huuliza kama anafaa milioni 20. Kwa kuwa milioni 2 zinatoka kwa vyovyote vile, swali ni kama anafaa milioni 18. Hiari iliyo mikononi mwa timu huongeza thamani, maana akiumia unamwacha. Hiari iliyo mikononi mwa mchezaji huishusha: akicheza vizuri anaondoka, akicheza vibaya anabaki na mshahara wake.

Angalia pia kama ana haki ya kukataa. Aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo, hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Wengine wameandikiwa kifungu hicho kwenye mkataba.

Takwimu zinazodanganya kwenye timu mbovu

Hapa inabidi kukaa kidogo, kwa sababu timu inayopoteza huharibu takwimu za watu wake wote, na haziharibiki kwa kiwango kimoja.

Rekodi ya ushindi ya mrushaji iache kabisa. Crochet wa 2024 alikuwa na ushindi 6 na vipigo 12, na bado timu zilimpigania. ERA, yaani wastani wa mikimbio (pointi) anayoruhusu kwa kila inningi (vipindi vya mechi) tisa, nayo ichukue kwa tahadhari. Wachezaji wa uwanjani wazito na wazembe huacha mipira ianguke, na lawama inaandikwa kwa mrushaji. Tumia FIP, inayohesabu mambo yasiyopita mikononi mwa wenzake. Zidisha homurani alizopigwa (mipira iliyopigwa ikatoka nje ya uwanja) kwa 13. Jumlisha wapigaji aliowapa beisi ya bure na aliowagonga kwa mpira, zidisha kwa 3, uongeze kwenye jibu la kwanza. Toa wale aliowatoa kwa straiki tatu mara 2. Gawanya kwa inningi alizorusha, kisha ongeza namba ya mwaka husika, ambayo huwa karibu na 3.10. Crochet alikuwa na ERA ya 3.58 lakini FIP ya 2.69, huku akiwatoa wapigaji 209 kwa straiki katika inningi 146. Tofauti ya karibu mkimbio mzima ndiyo inayomtenganisha mrushaji mzuri na mmoja wa bora kabisa katika ligi.

Kwa wapigaji usijenge hoja kwa idadi ya wenzake aliowaingiza nyumbani. Kama hakuna mtu kwenye beisi, atamwingiza nani? Tumia wRC+, ambayo 100 ni kiwango cha kati cha ligi na tayari imerekebishwa kwa ukubwa wa uwanja. 120 maana yake amezalisha asilimia 20 zaidi ya mpigaji wa kawaida. Usiamini mwezi mmoja. Kiwango cha kutolewa kwa straiki huanza kuonyesha sura ya kweli baada ya zamu 60 hivi za kupiga, ila wastani wa kupiga huweza kuyumba msimu mzima. Njia rahisi ya kukadiria mwaka ujao ni kuchukua misimu mitatu ya mwisho na kuipa uzito wa 5, 4 na 3, wa karibuni ukiwa mzito zaidi, kisha kuvuta jibu kidogo kuelekea wastani wa ligi. Aliyevuka miaka 30 mpunguzie takriban nusu ya ushindi (kwa kipimo cha WAR, kinachofuata) kwa kila mwaka unaokuja.

Kipimo kinachounganisha yote ni WAR: idadi ya ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kuliko mtu ambaye ungemwokota bure ligi za chini. Timu nzima ya watu hao wa kuokotwa ingeshinda kama mechi 48 kwa msimu. (White Sox wa 2024 walishinda 41. Soma tena.) Mchezaji wa kawaida wa kila siku ana WAR ya 2, nyota ana 5 kwenda juu. Kwa warushaji, tovuti mbili zinazotumiwa sana hazilingani: FanGraphs inajenga juu ya FIP, Baseball-Reference inaanza na mikimbio iliyofungwa kweli. Taja unayotumia, na usichukue ya juu kwa mchezaji wako na ya chini kwa wa wenzako. Tofauti ya 0.4 kati ya watu wawili haina maana, usiibishanie.

Geuza ushindi kuwa dola

Sokoni, timu zimekuwa zikilipa karibu dola milioni 8 hadi 10 kwa kila ushindi mmoja wa WAR wanaposajili wachezaji huru. Tumia 9 mkiwa mmekubaliana. Thamani ya mchezaji kwenye biashara si uzuri wake wote, ni ziada: ushindi unaotarajiwa katika misimu iliyobaki mara 9, toa mishahara ya misimu hiyo.

Kwa Crochet wa Desemba 2024, hesabu ya makini ingekwenda hivi. Mpe ushindi 4 kwa msimu, kwa misimu miwili, jumla 8. Mara 9 ni milioni 72. Mshahara wa 2025 ulikuja kuwa milioni 3.8, wa 2026 ulikuwa wa kukisia, tuseme 10. Inabaki ziada ya milioni 58. Sasa toa hatari. Kabla ya 2024 hakuwahi kuanza mechi hata moja ya ligi kuu, kiwiko kilishapasuliwa, na baada ya mapumziko ya Julai timu haikumruhusu kuvuka inningi nne kwa mechi. Ukimkata asilimia 15 unabaki na karibu milioni 49.

Upande wa pili kuna chipukizi, wanaopimwa kwa kipimo cha maskauti cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa kila siku. Thamani haipandi ngazi kwa ngazi kwa usawa. Mpigaji wa 50 hukadiriwa milioni ishirini na kitu, wa 55 hupita arobaini, wa 45 hushuka chini ya kumi. Warushaji kata robo ya hapo, kwa sababu mabega na viwiko vinavunjika. Kwa hiyo watu watano wa 45 hawafiki thamani ya mmoja wa 55, hata kama orodha inaonekana ndefu. Kosa la mara kwa mara katika mabishano haya ni kuhesabu vichwa.

Tarehe 11 Desemba 2024 White Sox walimpeleka Crochet Boston wakapata wanne: mdakaji Kyle Teel, mchezaji wa nje Braden Montgomery, Chase Meidroth wa uwanja wa ndani na mrushaji Wikelman González. Teel na Montgomery walikuwa kwenye orodha nyingi za chipukizi mia bora. Uzito wote uko kwa hao wawili, na wengine ni nyongeza nzuri. Ndivyo biashara ya nyota inavyotakiwa kusomeka. Montgomery alichaguliwa wa 12 kwenye drafti (uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya) ya Julai 2024, na hakuweza kuhamishwa mpaka World Series, fainali za ligi kuu, ziishe; timu ingekuwa na haraka mwezi Julai, isingeweza kumpata.

Julai au Desemba?

Dirisha hufungwa mwishoni mwa Julai. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 saa 12 jioni kwa saa za New York. Baada ya hapo aliyecheza ligi kuu msimu huo hawezi kubadilishwa mpaka msimu uishe. Julai mnunuzi ana njaa na analipia Oktoba, mwezi wa mtoano. Desemba wanunuzi ni wengi zaidi na wana nafasi ya kupanga vikosi.

Warushaji wa akiba, wale wanaoingia mechi ikiwa imeshaanza, uza Julai bila kusita. Wanarusha inningi 60 au 70 kwa mwaka, wanabadilika kama hali ya hewa, na timu mbovu haina uongozi wa mechi wa kulinda. Anayebakiza miezi miwili ya mkataba pia uza Julai, ila kwanza weka sakafu ya bei: ukibaki naye mpaka mwisho na kumpa ofa rasmi ya mwaka mmoja, naye akaikataa na kusaini kwingine, unapewa nafasi ya ziada kwenye drafti. Ofa hiyo baada ya msimu wa 2025 ilikuwa dola milioni 22.025. Usipokee chipukizi aliye chini ya thamani ya nafasi hiyo. Mnunuzi hana haki hiyo: aliyehamishwa katikati ya msimu hapewi ofa, na ndiyo maana mnunuzi hulipa kidogo kuliko unavyotarajia.

Julai 2023 White Sox waliwapeleka Lucas Giolito na Reynaldo López kwa Los Angeles Angels, wakapata mdakaji Edgar Quero na mrushaji Ky Bush. Angels waliporomoka, na mwisho wa Agosti wakawaweka wote wawili kwenye orodha ya kuachwa ili kupunguza hesabu ya kodi ya anasa, inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa. Cleveland wakawachukua bila kutoa mtu. Miaka miwili baadaye Quero alikuwa akidaka mipira ligi kuu Chicago. Kuuza mapema kwa mnunuzi aliyejiaminisha kupita kiasi kunalipa.

Lakini mwaka uliofuata kusubiri ndiko kulikofaa. Julai 2024 iliripotiwa kwamba Crochet hatakubali kurusha Oktoba kwa timu mpya bila kwanza kupewa mkataba mrefu. Kwa mnunuzi wa Julai, Oktoba ndiyo bidhaa yenyewe. Bei ingeanguka. Wakasubiri.

Makosa ya kuchunga

Kununua wakongwe ukiwa nusu nusu. Juni 2016 White Sox walimchukua James Shields, mwenye miaka 34, kutoka San Diego, wakamtoa Erik Johnson na kijana wa miaka 17 aitwaye Fernando Tatis Jr. Kijana hakuwa na jina bado, baadaye akawa nyota, na watu humtaja kama bahati mbaya. Bahati ipo, lakini kosa lilikuwa kununua mrushaji anayeshuka wakati timu haikuwa karibu na ubingwa. Mwaka kwenye karatasi ungelizuia.

Kuhukumu mapema. Katika biashara ya timu tatu ya Julai 2024, White Sox waliwatoa Erick Fedde, Tommy Pham na Michael Kopech, na waliyempata mkubwa alikuwa Miguel Vargas. Vargas alimaliza msimu ule na wastani wa kupiga wa .104 katika mechi 42, akatangazwa hafai. Mwaka 2025 alipiga homurani 16. Mechi 42 si hukumu.

Kudhani vipigo vinanunua drafti. Tangu mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji, nafasi sita za kwanza hupigwa bahati nasibu, na timu ya soko kubwa haiwezi kuingia humo miaka miwili mfululizo. White Sox walichagua wa 5 mwaka 2024. Baada ya vipigo 121 walichagua wa 10 mwaka 2025. Mwenye hoja ya "tupoteze kwa makusudi" asome kanuni ya timu yake kwanza.

Kusahau nafasi. Kikosi cha udhibiti kina watu 40, na ukipokea wanne kwa mmoja lazima ujue wangapi wanahitaji kiti mwezi Novemba. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini anapaswa kulindwa baada ya misimu mitano, wa 19 na kuendelea baada ya minne. Asiyelindwa huweza kuchukuliwa na wengine kwenye drafti ya Kanuni ya 5. Timu mbovu igeuze hilo kuwa silaha. Desemba 2024 White Sox walimchukua mrushaji Shane Smith kutoka Milwaukee kwa njia hiyo, na Julai 2025 alikuwa kwenye mechi ya nyota. Hakugharimu chipukizi hata mmoja.

Kuchanganya biashara na yaliyofuata. Boston walimpa Crochet nyongeza ya mkataba wa miaka sita kwa dola milioni 170, na mwaka 2025 akashinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 255 kwa straiki. Wapo wanaosema Chicago waliuza miaka saba. Waliuza miwili. Mitano inayofuata Boston wanailipa kwa bei inayokaribia ya soko, na kilichouzwa cha ziada ni nafasi ya kuzungumza naye kabla ya wengine. Kiwekee thamani, lakini ndogo.

White Sox wamewahi kupita njia hii. Desemba 2016 walimuuza Chris Sale, mrushaji mwingine wa kushoto, kwa Boston hao hao, wakapata Yoán Moncada na Kopech. Wakamtoa Adam Eaton wakapata Giolito, López na Dane Dunning. Kisha José Quintana akawaletea Eloy Jiménez na Dylan Cease. Kwa hesabu yoyote hizo zilikuwa biashara nzuri siku zilipofanyika. Timu iliingia mtoano 2020 na 2021, haikushinda raundi hata moja, na 2023 ilishafungwa mechi 101. Biashara zilileta nyota. Nyuma yao ligi za chini zilikuwa tupu, na mmoja alipoumia aliyeingia alikuwa mtu wa kuokotwa.

Kwa hiyo unapotathmini Teel, Montgomery, Quero na wenzao, ongeza safu moja kwenye karatasi: kila nafasi uwanjani, andika nani wa pili. Teel na Quero wote ni wadakaji. Wapo watakaosema mmoja auzwe mara moja. Mdakaji huchoka, huumia vidole na magoti, na wachache hudaka zaidi ya mechi 120 kwa msimu. Kabla ya kumtoa mmoja, anayependekeza ataje jina la atakayedaka mechi 40 zilizobaki, na timu ipi ina mrushaji wa 55 au zaidi anayedhibitiwa mpaka baada ya 2027 na inakosa mdakaji.